Mzee alisema mashine inalia usiku

Leo jioni nimejikinga mvua kwenye veranda moja ya Oginga Odinga Street, mkabala na jengo lililokuwa na ofisi yetu mwaka 2003, nikamkumbuka mlinzi wetu wa usiku. Nimekuwa nikitaka kuyaandika haya kwa muda mrefu.

Nyaya za intaneti za baharini zilikuwa bado. Zilitia nanga Mombasa 2009. Sisi hapa Kisumu tulikuwa na laini moja ya simu, modemu ya 56k, kifaa kinachopiga simu ili kuunganisha intaneti, na kompyuta kuukuu ya Linux niliyoifanya lango la intaneti la kompyuta nyingine tano. Niliweka neno demand kwenye mipangilio ya pppd, programu inayoendesha muunganisho wa simu: ppp0, yaani mlango wa kwenda nje kwa simu, unakaa tayari bila simu kupigwa, na pakiti (kipande cha data) ya kwanza inayotaka kutoka ndiyo inayoamsha modemu. Kwa idle 300, laini inakatika baada ya dakika tano za ukimya. Muda wote wa kuunganishwa ulilipiwa.

Bili ya mwezi wa pili ikaja nzito. "Simu inatumika usiku," mama mhasibu akasema. "Na usiku hapa hulala nani?" Jibu tulilijua sote. Ikazungumzwa habari ya kumkata mshahara. Mzee alipoulizwa alinigeukia mimi: "Kijana wangu, ile mashine yako hulia usiku. Inalia, inanyamaza, inalia tena." Sikumjibu. Hilo bado linaniuma.

Ijumaa nikalala ofisini. Nilishuku sendmail, programu ya barua pepe, nikaizima. Idle nilikuwa nimeshaishusha hadi 60, na haikusaidia kitu, maana kilichokuwa kikiamsha modemu kilibaki palepale. Saa saba kasoro usiku taa nyekundu zikawaka, kikasikika kile kilio chembamba, halafu mkwaruzo, halafu kimya. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na tochi yake. Hakusema neno.

tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, nilikuwa nimeiacha ikisikiliza eth0, mlango wa mtandao wa ndani wa ofisi. Mstari ulikuwa mfupi: 192.168.1.4, poti 137 (Windows huitumia kutafutana majina), kwenda poti 53 ya seva ya DNS ya mbali, ile inayojibu maswali ya majina ya mtandaoni. Nikauangalia mara tatu. 192.168.1.4 ilikuwa kompyuta ya mama mhasibu, Windows 98, ambayo haikuzimwa jioni. Ilikuwa ikitafuta jina la kikundi chetu cha kompyuta, jina lisilojulikana popote nje ya kuta zile. Ikikosa jibu ndani, inaliuliza nje. Kufika nje kunahitaji simu. Basi pppd inapiga. Swali likishindikana, baada ya muda linarudi. Hivyo hadi alfajiri.

Dawa yake ilikuwa ndogo: kanuni ya iptables, kichujio cha pakiti cha Linux, kwenye FORWARD, sehemu ya pakiti zinazopita langoni, inayotupa kila pakiti iliyotoka poti 137 hadi 139 kabla haijaigusa ppp0. Baadaye niliweka pia seva ya majina kwenye lango lenyewe, ijibu maswali ya nyumbani nyumbani. Jumamosi na Jumapili usiku logi, kumbukumbu ya lango, haikuonyesha simu hata moja.

Jumatatu asubuhi nilichapisha kurasa mbili, saa za simu upande mmoja na ile anwani upande wa pili, nikampelekea mama mhasibu. Alizisoma akiwa amesimama. Kisha akashuka ngazi haraka, akamkuta mzee getini akijiandaa kwenda nyumbani.

"Mzee wangu, naomba unisamehe. Ilikuwa kompyuta yangu."

Mzee akampa mkono, akatia tochi mfukoni, akashika njia ya Kondele.