Siku moja kitengoni: soma, panga, toa, kagua

Saa 11:30 alfajiri. Mikindani bado giza. Nakata kadi za ratiba ya picha kwenye boksi la sabuni: uji, hesabu, mpira, choo, nyumbani. Za juzi zililowa mvua.

Saa 1:15. "Shikamoo madamu!" Watoto wa kitengo chetu cha elimu maalumu ni 11. Wawili wana usonji, mmoja uoni hafifu, wengine ulemavu wa akili. Nilipokuwa Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu kule Arusha, nilidhani kazi yangu itakuwa kurahisisha somo. Siku hizi nahangaika zaidi na namna mtoto atakavyojiongoza nisipokuwepo.

Saa 2:30. Hesabu za kutoa. Zamani tulihesabia korosho ghafi, maana msimu ukifika zimejaa kila kona. Mtoto mmoja akang'ata ganda, mafuta yake yakambabua midomo. (Mtu wa Kusini mzima, nikasahau hilo! Nilisemwa, na nilistahili.) Sasa ni vizibo vya soda. Hatua nne, kila moja na kidole chake: soma, panga, toa, kagua. Kwanza nafanya mimi huku nikizitamka. Kisha tunazitamka pamoja, kisha mtoto peke yake, mwisho ananong'ona. Ukiruka huko kunong'ona, siku ya zoezi atakukodolea macho wewe, vizibo havitazami. Wiki ya tatu sasa tuko hapo hapo, na wenzangu ofisini wanauliza mbona hatusongi.

Saa 4:00. Kadi inasema uji. Uji haujaiva, kuni mbichi. Kijana wangu mwenye usonji akaanza kujipiga kichwani. Kosa ni langu, sikuwa na kadi ya "subiri". Nikachora sufuria na moto kwa kipande cha mkaa, nyuma ya kadi ya choo. Akaikumbatia mpaka vikombe vilipotoka.

Mchana: mpira, kuosha mikono, jua kali.

Saa 10:00. Napita kwa mama mmoja anayekaanga pweza, mwanawe yuko darasani kwangu.

"Mwalimu, huyu mwanao kanishinda. Jana namrudishia mteja chenji, kanidaka mkono: 'Kagua!' Kukagua, kweli nimezidisha mia tano."

Nikanunua vipande viwili. Chenji akaihesabu binti mwenyewe, akikunja vidole, midomo ikicheza bila sauti.