Mwanzo 1 na Mwanzo 2: ndiyo, zinapishana

Vijana wa kanisani huwa wananiuliza sana hili swali, na wengi wao walishaambiwa "usihoji neno la Mungu" wakanyamaza, wengine wakaondoka kabisa, na hiyo inaniuma. Hivi habari mbili za uumbaji kwenye Mwanzo zinapingana? Mi nasema ukizisoma kama ratiba, kipi kilitangulia na kipi kikafuata, zinapingana, tusizungukezunguke.

Fungua mwenyewe. Sura ya kwanza mimea inatokea siku ya tatu, jua na mwezi siku ya nne, samaki na ndege siku ya tano, siku ya sita wanyama wa nchi kavu halafu ndo binadamu, mume na mke pamoja. Ukiingia sura ya pili, kuanzia mstari wa 4, mambo yamegeuka: mvua haijanyesha, hakuna mche kondeni wala mtu wa kulima, Mungu anamfanya mtu kwa mavumbi anampulizia puani pumzi ya uhai, ndo anapanda bustani, ndo wanakuja wanyama na ndege, na mwanamke anakuja mwisho kabisa, kutoka ubavuni.

Najua jibu linalotolewa sana, kwamba sura ya pili inaeleza tu siku ya sita kwa kirefu. Kwenye mimea nakubali kidogo, unaweza kusema inaongelewa ile ya shambani inayosubiri mkulima, sawa. Ila kwa wanyama hapana jamani. Soma 2:18 mpaka 20 taratibu: Mungu anasema si vema huyu mtu awe peke yake, atamfanyia msaidizi, halafu palepale anafanya wanyama na ndege kutoka ardhini, anamletea Adamu awape majina, na mwisho tunaambiwa katika hao wote hakupatikana wa kufanana naye. Ukisema walishaumbwa kitambo na hapa wanaletwa tu, stori inapoteza maana, maana wanafanywa kwa sababu mtu yuko mpweke. Na wale ndege wa siku ya tano, waliokuwepo kabla ya mtu yeyote, unawaweka wapi?

Na wala siyo maswali ya wapinga dini wa leo. Origen, mwalimu wa Kikristo kule Aleksandria, Misri, karne ya 3, alishauliza siku tatu za kwanza zilikuwaje na jioni na asubuhi wakati jua halijawekwa. Augustino, askofu wa Hippo hapahapa Afrika, mwanzoni mwa karne ya 5 aliandika kwa kirefu kuhusu Mwanzo na akaona Mungu aliumba vyote kwa pamoja, zile siku sita siyo siku kama hizi zetu. Mwaka 1753 daktari Mfaransa Jean Astruc akatoa kitabu bila kuweka jina lake, hoja yake ni kwamba Musa alikusanya maandishi ya zamani kuliko yeye, na alama aliyoifuata, yani jina analoitwa Mungu, hata kwenye Biblia zetu za Kiswahili za Union unaiona, sura ya kwanza ni "Mungu" tu, ukifika 2:4 inaanza "BWANA Mungu".

Mimi kinachonigusa zaidi ni maji. Sura ya kwanza inaanza na maji kupita kiasi, giza juu ya vilindi, na kazi ya Mungu ni kuyatenga mpaka nchi kavu ionekane. Sura ya pili inaanza na ukame. Yani shida mbili tofauti kabisa, na mtu aliyelima shamba la kutegemea mvua anaijua hiyo ya pili bila kufundishwa. Kwenye ya kwanza Mungu anasema na inakuwa, kwenye ya pili anashika udongo kwa mikono. Waliozipanga hizi sura zikafuatana walikuwa wanasoma vizuri tu, tofauti waliziona, wakaziacha zote mbili bila kuzilazimisha zifanane, na mi naamini walifanya hivyo makusudi kwa sababu hakuna hata moja waliyoona inafaa kupotea.

Halafu angalia Mathayo 19, Mafarisayo wanamuuliza Yesu kuhusu talaka, na kwenye jibu lake anachukua "mume na mke" ya sura ya kwanza na "mtu atamwacha babaye na mamaye" ya sura ya pili, anaziunganisha kwenye pumzi moja, na habari ya nani aliumbwa saa ngapi haigusi kabisa.