Mnuno wa zamu na pesa ya kituo

Sisi watu wa hesabu kwenye vituo vya afya kila mwezi tunaulizwa mapato yameshukaje, na majibu ni yale yale, wagonjwa wamepungua, dawa zimepanda, bima wamechelewa kulipa. Hakuna anayesema watumishi hawaongei. Mie ni mhasibu kwenye kituo cha binafsi hapa Tanga mjini na nasema bila kuficha, mnuno wa sista na dokta unakula pesa nyingi tu, ila vitabuni hauna mstari wake.

Chukua bima. Mgonjwa wa NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya, fomu yake inapita mikono kibao, mapokezi, tabibu aandike ugonjwa na asaini, maabara, dirisha la dawa, halafu mgonjwa naye asaini. Kikikosekana kitu kimoja dai letu kwa bima linaweza kukatwa. Watu wakiwa wanaelewana, sista akiona saini haipo anamfuata dokta palepale, "dokta hii hujasaini", yamekwisha. Wakishanuniana anaiacha hivyo hivyo, si kazi yake, mie naikuta mwisho wa mwezi mgonjwa kesharudi kwao Pongwe na dokta hakumbuki hata alimwandikia nini. Sasa piga hesabu, tuseme kituo kinapeleka madai ya milioni 20 kwa mwezi, kikikatwa asilimia 5 tu ni milioni 1, mwaka milioni 12, na hakuna aliyeiba hata shilingi! Na hii Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 kadiri inavyoshika kasi, wa kulipa keshi watapungua, fomu ndo itakuwa mapato yenyewe.

Kukabidhiana zamu nako hivyo hivyo. Wa usiku na wa asubuhi hawasemeshani, ripoti inaandikwa mistari miwili kwenye daftari basi, wa asubuhi hajui damu ilishachukuliwa anachukua tena, vitendanishi, yaani dawa za kupimia maabara, vinatumika mara mbili na bima inalipa mara moja. Hapo nimesema pesa tu, lakini kuna mgonjwa anachomwa sindano ya pili bila sababu, au dozi yake ya saa kumi na mbili inarukwa kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzie kashampa. Hilo linaniuma kuliko hasara yoyote.

Halafu watu wanaondoka, na anayeanza kuondoka ni yule mzuri maana ndo mwenye pa kwenda. Waja leo waondoka leo tunausema kwa Tanga yetu kwa mapenzi, ila kwa mkunga ni msiba. Kwetu aliondoka mkunga ambaye akina mama wa Makorora walikuwa wanamuulizia kwa jina, na chanzo hakikuwa mshahara, ilikuwa rosta, kila Idd yeye usiku, kila Idd wale wale nyumbani. Akishaondoka unalipa lokamu, mtumishi wa kuazima wa muda, kwa zamu, unamfundisha mpya mfumo, na kina mama wengine wanamfuata alikokwenda. Mwenye kituo akisikia malalamiko anasema uvivu huo, ilhali WHO mwaka 2019 walishauingiza uchovu wa kazini kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa na matatizo ya afya, kama jambo linalotokana na kazi, mtu anaishiwa nguvu, anaichukia kazi, ufanisi unashuka. Na akimfukuza mtu kwa hasira bila kufuata utaratibu, huyo ana siku 30 za kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, hapo unaongeza na gharama za kesi.

Tulichofanya mpaka sasa ni kidogo. Rosta inabandikwa mapema na sikukuu zinazunguka, na fomu za bima zinakaguliwa na watu wawili kabla zamu haijatoka, madai ya kukatwa kwa saini yamepungua kweli. Malipo ya lokamu bado yako juu. Nimeongeza safu kwenye ripoti ya mwezi, madai yaliyokatwa, vipimo vilivyorudiwa, lokamu, nani kaacha kazi na kwa nini. Hiyo ya kwa nini ndo inanisumbua, maana kila anayeondoka anaandika sababu za kifamilia, kwa hiyo nimeomba awe anaulizwa na mtu ambaye hajawahi kumpangia zamu.