Siku moja maishani mwangu: navuta vyoo kwa pikapu ya umeme

Saa 10:45 alfajiri nipo yadi, kusini mwa Dallas, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Nyumbani Tanga nikisema nafanya usafirishaji Marekani, watu wanaliona lile lori la kwenye sinema, pua ndefu na mabomba mawili ya moshi. Mimi navuta vyoo. Vyoo vya harusi, ndani ya tela: milango mitatu, masinki, vioo vyenye taa, kiyoyozi. Mtu anaozesha binti yake shambani, hataki wageni mia mbili wapotelee vichakani, anampigia bosi, bosi ananituma mimi.

Kinachovuta ni Ford F-150 Lightning, pikapu ya umeme mtupu, ya mwaka 2022. Betri yake ni kilowati-saa 131, yaani uniti 131 za umeme. Karatasi za kiwandani zinasema inakwenda maili 320, kama kilomita 515, na inavuta hadi pauni 10,000. Yote mawili ni kweli, ila si kwa safari moja.

Tela letu lina pauni 5,500, yaani tani mbili na nusu. Uzito wala hausumbui. Ukikanyaga, inaondoka kama haijui ina mkia. Anayekula umeme ni upepo. Uso wa tela umesimama wima kama ukuta wa duka, umelipita paa la pikapu, na kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo unavyogombana na hewa. Kwa maili 60 kwa saa napata takriban maili moja kwa kila kilowati-saa. Nikikimbia 75 kama wenzangu, itabidi niitiwe gari la kunivuta mimi.

Leo naenda Dripping Springs, magharibi mwa Austin, mji ambao umepewa jina la makao makuu ya harusi Texas. Maili 215 kutoka yadi. Mratibu wa harusi kaandika kwa herufi kubwa: SAA SITA KAMILI MCHANA. Nikatoka saa 11:30, betri asilimia 100, barabara ya I-35, mkono wa kulia, malori yote yakinipita.

Saa 1:00 asubuhi nikaingia Waco na asilimia 31.

Sasa hapa naomba mnisikilize, kwa sababu siku yangu iliharibikia hapa.

Kituo cha kuchajia kipo nyuma ya duka kubwa la vyakula. Chaja nane. Mbili skrini nyeusi, zimekufa. Nne zina magari. Zilizobaki mbili ziko katikati, na maegesho yake ni ya kuingiza gari kichwa hadi ukingoni. Vituo hivi vimejengwa na watu wanaodhani gari halina mkia. Kwenye pampu ya mafuta unapita moja kwa moja, tela na kila kitu. Kwenye chaja, ukiingia na tela unaziba njia ya duka zima. Dawa ni moja: fungua tela, liache pembeni, nenda kachaji, rudi ulifunge tena.

Kufungua tela si kuchomoa waya. Kwanza kabari mbele na nyuma ya matairi. Hii kazi naijua tangu utoto. Ajira yangu ya kwanza ilikuwa utingo wa Fuso, Tanga hadi Chalinze, na utingo kazi yake ni kuruka na kigogo kabla gari halijarudi nyuma. Halafu unachomoa plagi ya taa, waya wa breki ya dharura, minyororo miwili. Unazungusha jeki ya mbele mpaka tela lisimame kwa mguu wake. Unafungua komeo, na hapo linagoma, maana kile kirungu cha chuma cha pikapu kinachoshika tela kimebanwa. Unarudisha pikapu inchi moja, unashuka, unagonga kwa nyundo, linaachia. Dakika kumi na tano, na shati limeshalowa.

Ndiyo kwanza nafuta mikono, akaja mlinzi wa duka. Mzee wa umri wa baba yangu. Kwetu ningeanza na shikamoo kabla hatujagombana. Hapa ugomvi unaanza moja kwa moja.

"Hilo huwezi kuliacha hapo."

"Nusu saa tu, bwana. Nachaji pale."

"Lina nini ndani?"

"Vyoo."

Akarudi hatua mbili. "Vimejaa?"

"Vitupu. Nimeviosha mwenyewe jana."

Akazunguka tela lote, akanusa, kweli kabisa akanusa, akaniambia nilisogeze hadi kwenye nyasi mwisho wa uwanja. Kwa hiyo nikalifunga tena. Minyororo, plagi, komeo. Nikalivuta mita themanini. Nikalifungua tena. Nilipogeuka, zile chaja mbili zimebaki moja.

Nikaingia. Tundu la kuchajia la pikapu hii liko ubavuni mbele, upande wa dereva, na waya wa chaja ulikuwa mfupi, kwa hiyo nikakaa mshazari kidogo juu ya mstari. Kasi ya kuchaji ya pikapu hii inafika kilowati 150 hivi. Skrini ikaandika 46. Nikasubiri ipande, haikupanda. Akaja kijana na gari dogo la umeme, akashusha kioo, akaniambia watu kama mimi ndio tunaoharibu vituo, nimekalia nafasi mbili. Nikamwonyesha waya. Akasema hiyo si shida yake. Na kweli haikuwa shida yake.

Katikati ya hayo simu ya mama. Kule ilikuwa saa kumi alasiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Bado, nalisha gari kwanza."

"Gari la watu linakula, mwanangu hajala." Akacheka. Sikumwambia habari ya mlinzi.

Gari moja lilipotoka nikahamia chaja ya pembeni, ikanipa kilowati 128, nikaona uhai umerudi. Kutoka 31 hadi 82 niliingiza kama kilowati-saa 67, senti 50 kila moja, dola 33 na ushei. Kwa maili nilizotoka nazo yadi, pikapu ya dizeli ingekunywa mafuta ya karibu bei hiyo hiyo. Wanaowaambia umeme ni bure wanachaji nyumbani kwao. Yadi kwetu ni senti 13, betri nzima dola 17, na hapo hakuna dizeli inayoweza kusogea. Faida ya gari hili iko ukutani kwa mwenye gari. Barabarani inayeyuka.

Nikafunga tela kwa mara ya tatu, na sasa vidole vinatetemeka kwenye mnyororo. Saa 3:05.

Georgetown nilisimama tena, dakika thelathini, chaja ya pembeni kabisa, tela limelala kando ya ukingo bila kufunguliwa, hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikula sambusa mbili za jana nikiwa nimesimama. Kisha foleni ya Austin, ambayo madereva wote wanailaani isipokuwa mimi. Kwenye foleni hakuna upepo, na kila unapofunga breki mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ndiyo sehemu pekee ya safari ambayo namba kwenye kioo ilikuwa rafiki yangu.

Nilifika shambani saa saba kasorobo mchana na asilimia 24. Dada mratibu alikuwa amesimama getini, mikono kiunoni, kishikwambi kwapani. Sikujitetea. Nikarudisha tela chini ya mwaloni kwa mkupuo mmoja, kati ya hema na tangi la maji, nafasi imebaki ya kiganja kila upande. Hakuna aliyepiga makofi, lakini mimi nilijiona.

Basi umeme wa shamba haukuwepo. Fundi njiani, tangu asubuhi yuko njiani. Joto nyuzi 37, mama wa bibi harusi anataka kukagua vyoo, ndani ni tanuri. Nikafungua nyuma ya pikapu. Pale kuna soketi, kama ukutani nyumbani, na gari zima linaweza kutoa hadi kilowati 9.6. Nikachomeka tela. Pampu ikanguruma, taa za vioo zikawaka, kiyoyozi kikaanza kupuliza. Hakuna jenereta, hakuna moshi, hakuna kelele. Mama wa bibi harusi aliingia, akakaa ndani muda mrefu kuliko ukaguzi unavyohitaji, akatoka ametulia.

Fundi alipofika baada ya saa mbili na zaidi, betri ilikuwa imeshuka asilimia nne tu. Kuburuza ule ukuta kwenye hewa kwa dakika sita kunakula zaidi ya hapo.

Kurudi sikumbuki vizuri. Nilichaji Austin nikasinzia kwenye kiti, nikaamshwa na simu kusema imetosha. Bila tela pikapu ni kiumbe kingine, maili mbili kwa kila kilowati-saa, kimya, naimba peke yangu. Usiku ulishaingia nilipochepuka Waco kuongeza kidogo. Kituo kile kile. Chaja sita zilikuwa wazi, nikaingia kichwa kama mtu wa kawaida. Zile mbili bado zimekufa. Mlinzi alikuwa yule yule, sijui zamu yake inaishaje, akaja hadi dirishani.

"Vyoo vyako viko wapi?"

"Harusini."

Akaniwashia tochi kwenye viatu vyangu vyenye tope, akatikisa kichwa, akaondoka.

Yadi nimefika saa nne kupita. Nikachomeka waya ukutani, skrini ikasema itajaa kabla ya alfajiri. Ujumbe wa bosi ulikuwa unasubiri: kesho Plano, tela lile dogo, maili 30 kwenda, 30 kurudi. Nikausoma mara mbili. Narudi na nusu ya betri, na tela silifungui mpaka nifike.