Ijumaa Usiku, Kaptembwa

"Hawakuwa hata na waranti, mwanangu," mama alikuwa amelirudia hilo mara nne kabla hatujafika kwenye geti la kituo. Ilikuwa Ijumaa moja mwaka 2019, saa nne usiku. Mwanawe, fundi wa pikipiki, alikamatwa saa tatu karibu na steji ya Kaptembwa, hapa Nakuru, Kenya, akiwa na begi lenye spana, bisibisi, nyundo na mtaimbo mfupi wa kutolea tairi.

Wakati huo nilikuwa msaidizi wa kisheria mtaani. Nilimwomba mama aliache nje neno waranti, maana ndani lisingetufaa. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai, Sura ya 75, kinamruhusu polisi kukamata bila waranti mtu anayemshuku, kwa sababu za maana, kwa kosa ambalo sheria inaruhusu kukamatiwa bila waranti, anayevunja amani mbele yake, anayemzuia kazini, au aliyepatikana na mali inayoshukiwa kuwa ya wizi. Kimo pia aliye na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na hapo ndipo niliingiwa na wasiwasi, kwa kuwa jukumu la kueleza sababu hiyo linamwangukia mwenye vifaa.

"Habari ya kazi, afande. Tunaomba namba ya OB, daftari la matukio la kituo, na kosa aliloandikiwa."

Afisa wa kaunta alisoma: kuzurura usiku.

Kifungu hichohicho kinamtaja mtu anayekutwa barabarani usiku, lakini sharti afisa awe na sababu za maana za kushuku kwamba ametenda kosa kubwa au yuko karibu kulitenda, au kwamba yuko hapo kwa jambo haramu au la fujo, au mtu huyo ashindwe kujieleza vizuri. Giza peke yake halitoshi. Nikamuuliza ni kosa gani kubwa walilomshuku nalo. Akafunua kurasa, akanyamaza, kisha akasema: mtaimbo.

Nilifurahi kusikia hivyo. Tuhuma ya kuzurura hakuna mtu anayeweza kuijibu vizuri, ila mtaimbo una jibu. Mwenye gereji alipigiwa simu, akaja na bodaboda, akaeleza ni wapi kijana alikuwa ametoka kubadilisha tairi na nani alimlipa. Ovaroli ilikuwa bado inanuka petroli.

Kijana alipoitwa, alisema aliuliza anakamatiwa nini akajibiwa, "Utajua huko mbele." Ibara ya 49 ya Katiba inataka mtu aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, na aambiwe pia kwamba ana haki ya kunyamaza. Hata polisi akiwa na sababu nzuri, akiificha ameikosea Katiba.

Jambo lililobaki lilikuwa siku yenyewe. Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, lakini saa hizo zikiishia nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya mahakama, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa usiku anaweza kulala seli hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Familia nyingi hazijui kwamba kifungu cha 36 cha ile Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai kipo kwa ajili ya wikendi kama hiyo: ikionekana haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo lazima aichunguze kesi, na kama kosa si zito, amwachilie kwa dhamana. Mauaji, uhaini, wizi wa mabavu na jaribio lake havimo katika ruhusa hiyo. Ushahidi usipotosha, anaweza kumwachilia kabisa.

Nilikitaja kifungu hicho kwa mkuu wa kituo Jumamosi asubuhi, mwenye gereji akiwa kando yangu. Saa tano kijana akatoka kwa dhamana ya polisi, ambayo hailipiwi. Pesa zikiwekwa kama dhamana, dai risiti.

Begi lilibaki hadi Jumatatu. Alipolichukua nilimwambia ahesabu kifaa kimoja kimoja mbele ya afisa, kabla ya kutia sahihi. Spana namba 14 haikuwemo. Tukaandikisha hilo pia kwenye OB.