Nani Aoshe Vyombo? Ndoa za Kisomali Huku Minnesota

Wasomali wa huku tuna vita moja haiishi, na safari hii si ya koo, ni ya sinki. Kila baada ya siku chache utakuta kuna dada ameweka video TikTok, ametoka shifti ya usiku amekuta vyombo vimejaa mpaka juu na bwana amelala kwenye kochi na simu kifuani, halafu chini yake wanaume wanajibu ati nyinyi wanawake mmeharibiwa na serikali ya huku, kwetu mlikuwa wazuri, na wanawake wanajibu kwamba mwanaume wa Kisomali ni mtoto tu mwenye ndevu za hina. Basi hapo mpaka asubuhi.

Mimi ni mzaliwa wa Islii, Nairobi, niliolewa na mtu wa Garissa, tukaja Minneapolis. Hili jimbo la Minnesota ndilo lina Wasomali wengi kushinda jimbo lolote la Marekani, kwa hivyo hiyo vita naisikia kila mahali, kwa harusi, Karmel Mall, lile soko la Wasomali hapa Minneapolis, nikingoja fundi anipunguzie dirac, lile gauni letu refu la sherehe, hata kwa kikundi chetu cha ayuuto tukija kupokezana pesa (nyinyi mnaita mchezo ama chama) lazima mtu aanze. Na kila nikisikiliza naona pande zote mbili zinaongea kama vile kule nyumbani mke alikuwa anafanya kazi yote peke yake. Nani huyo? Mimi sikumwona.

Nyumba yetu Islii ilikuwa gorofa ya tatu, vyumba vichache na watu kibao. Ayeeyo, yaani nyanya, alikuwa anakaa kwa mkeka anachambua mchele huku anatukana kila mtu, habaryar, mama mdogo, alikuwa anakuja asubuhi "kusalimia" anaondoka usiku baada ya kupika, kulikuwa na binamu wa Wajir aliyeletwa kusoma akilipa kitanda chake kwa kufua, na kulikuwa na hausigeli wa kutoka Kitui ambaye Kisomali chake kilikuwa safi kushinda changu. Hooyo, mama mwenyewe, alikuwa na duka la vitambaa, jikoni alikuwa anaingia kuonja chumvi na kugombana. Baba hakuwahi kuosha hata kikombe, ni kweli, lakini ni nani angejua? Hata nafasi ya kusimama hapo jikoni hangepata. Na sisemi kulikuwa peponi, yule dada wa Kitui alikuwa analala kwa godoro la jikoni na mshahara wake hata kuutaja ni aibu. Nasema tu kwamba kazi ilikuwa na mikono mingi na yote ilikuwa ya kike, ndiyo maana hakuna aliyehesabu.

Chukua uzazi. Kwetu mwanamke akijifungua ana afartan yake, siku arobaini, kama watu wa Mombasa na Lamu wanavyofanya. Halali peke yake, supu ya mbuzi inakuja kwa zamu, mtoto anaogeshwa na wenye mikono ya uzoefu, yeye kazi yake ni kunyonyesha na kufukizwa uvumba. Huku unatoka hospitali baada ya siku mbili na ya tatu uko mlangoni unavalisha wengine mabuti ya theluji, na kama hujawahi kuvalisha watoto wanne mabuti, makoti, glovu na kofia na basi la shule liko pale chini linapiga honi na baridi ni digrii ishirini chini ya sifuri, tafadhali usiniambie kazi ya nyumba ni nyepesi. Mdogo akimaliza kuvaa ndio anasema anataka choo. Wueh.

Wanaume wana hoja yao na siidharau. Wanasema kila mtu alikuwa na upande wake, na ni kweli, kule kwenye uhamaji mwanamke ndiye alikuwa anajenga aqal, ile nyumba ya fito na mikeka, anaibomoa, anaipakia kwa ngamia, wakifika anaijenga tena, na mbuzi na kondoo ni wake pamoja na watoto. Mwanaume naye alikuwa na ngamia, kuchimba na kuchota kisima kirefu kwenye jua, kukaa malishoni wiki na wiki akinywa maziwa tu, na akivamiwa afe yeye. Hakuna aliyekuwa amekaa. Shida ni kwamba wake za watu walipopanda ndege walibeba upande wao wote, watoto, chakula, usafi, wageni, na ule upande wa mwanaume ukabaki malishoni. Huku ngamia ndiyo hiyo Toyota Sienna. Anaiosha, anaibadilisha oili, anaisukumia theluji asubuhi, na akimaliza anaingia ndani kama mtu aliyetoka kupigana na simba. Sawa, ahsante, lakini theluji inaisha Aprili, vyombo vina mwezi gani wa kuisha?

Na hii ya kusema Marekani ndiyo imetuharibu inanichekesha kwa sababu mambo yalibadilika kabla ya mtu yeyote kupata viza. Serikali ya Siad Barre ilianguka 1991, watu wakamiminika Kenya, wengine kambi za Dadaab, wengine Islii, na wanaume wengi waliokuwa wanajeshi, makarani wa serikali, madereva, wafanyabiashara, wakajikuta hawana kitu cha kufanya. Wanawake ndio walianza kuuza. Chai, mikate, nguo za mtumba, dhahabu waliyoificha kwenye nguo. Nenda Islii uulize Garissa Lodge ilianzaje, ilikuwa gesti tu, wakimbizi wakalala vyumbani usiku na mchana wakauza bidhaa juu ya vile vitanda, na wengi wao walikuwa akina mama. Leo watu wanasifu zile mol kubwa na kusahau vitanda. Kwa hivyo nusu ya mwanaume, yaani kuleta riziki, mwanamke alishaingia kuibeba zaidi ya miaka thelathini sasa. Nusu ya mwanamke ndiyo haikupata wa kuibeba, ikaangukia ayeeyo na habaryar na hausigeli, na tulipokuja huku hao hatukuja nao.

Niwaonee huruma kidogo pia. Kuna wazee wa rika la baba yangu hapa walikuwa walimu, maafisa, mmoja alikuwa anasafiri nchi za watu kwa kazi ya serikali, leo wanalinda maegesho ya magari usiku na barua za msaada zinakuja kwa jina la mke. Wanaenda kwa kahawa, wanakaa fadhi ku dirir, yaani kupigana vita vya mdomo wakiwa wamekaa, mchana kutwa, wanaigawa Somalia majimbo na kuirudisha, saa za swala wanainuka. Naelewa. Mtu kama huyo ukimpa fagio siku hiyo hiyo aliyoshindwa kusoma barua ya benki, utakuwa umempiga mara mbili. Lakini yule mke wake naye alikuwa mtu, ama?

Sasa nifike kwa kitu ambacho hakisemwi kwenye zile video. Ni nani alichukua nafasi ya ayeeyo, habaryar, binamu na hausigeli, wote wanne kwa mpigo? Mume hakuichukua, na mama hawezi kwa sababu mama yuko kazini, wengi wetu tunahudumia wazee majumbani ama tuko kwenye maghala, shifti juu ya shifti. Aliyeichukua ni binti wa kwanza. Nenda kwa yale maghorofa ya mtaa wa Cedar hapa Minneapolis, yale ya rangi rangi yaliyofunguliwa 1973 ambayo refu lake lina sakafu 39, gonga mlango wowote saa mbili usiku, utamkuta msichana wa miaka kumi na moja anachanganya unga wa canjeero, ile mikate yetu laini kama chapati za maji, wa kesho, mdogo yuko kiunoni, na hesabu za shule ziko juu ya friji. Huyo huyo ndiye anasoma barua za kliniki, ndiye anaenda kutafsiri mama akiongea na daktari mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia, ndiye anajua mdogo wake ana mzio wa karanga. Kaka yake, mkubwa wake kwa miaka miwili, yuko chumbani na mchezo wa kompyuta, anapiga kelele "abaayo, shaah ii keen," dada niletee chai, na chai inaenda. Inaenda! Na mama ambaye jana alikuwa kwa ayuuto analia kuhusu mumewe ndiye anayemwambia binti harakisha, kaka yako anangoja.

Familia zetu ni kubwa, tusisahau. Utafiti wa afya wa Somalia wa 2020 ulionyesha mwanamke anazaa wastani wa watoto karibu saba, na ingawa huku tunapunguza, watano sita ni kawaida. Kwa hivyo nikisikia wazee wanalalamika msikitini ati wasichana wamesoma wamekataa kuolewa, natamani kuomba maikrofoni. Nimekaa na hao wasichana, nasi wengine tunawasuka nywele kabla ya harusi za dada zao. Mmoja alisema waziwazi, mimi nimelea watano kabla sijazaa, nikiolewa naenda kulea wa sita mwenye kitambi? Wote tukacheka, lakini yeye hakuwa anacheka.

Dini pia inaingizwa, kila upande na yake. Wanaume wanapenda sana hadithi ya Bibi Fatma, mikono yake imechubuka kwa kusaga, akaenda kumwomba baba yake mtumishi, Mtume (s.a.w.) akamfundisha tasbihi za kusema kabla ya kulala. Hiyo wanaijua kwa moyo. Ile ya Bibi Aisha, aliyeulizwa Mtume alikuwa anafanya nini nyumbani akajibu kwamba alikuwa kwenye kazi za watu wake wa nyumbani mpaka wakati wa swala ndio anatoka, hiyo wanaisahau haraka kama namba ya mtu anayewadai. Na kuna kubwa kushinda hiyo. Sisi Wasomali ni Mashafii, kama Waswahili wa pwani, na fiqhi ya Kishafii ya zamani haimlazimishi mke kupika wala kufua, na aliyezoea kuhudumiwa kwao mume anatakiwa amletee mtumishi. Siku mwalimu wetu wa darsa la wanawake aliposoma ukurasa huo, palikuwa kimya, halafu mama mmoja akauliza, "Mwalimu, tunaweza kutoa kopi?" Sasa mtumishi wa Minnesota kwa saa utamlipa wewe? Hapo ndipo kila bwana akajifanya anajua kushika kitambaa.

Kwangu mambo yalivyobadilika ilikuwa ni kwa sababu ya lori. Bwana yangu ni dereva wa masafa marefu kama nusu ya wanaume ninaowajua hapa, anaondoka wiki mbili tatu, akirudi amechoka kweli, mimi sitasema amejifanya. Miaka yote alikuwa anaapa hajui kupika, mwanaume wa Garissa, hata chai inamchoma. Halafu siku moja nikaona picha kwenye simu yake, kikundi chao cha madereva, kila mmoja anaonyesha sufuria yake ya umeme ndani ya lori: bariis (wali wetu) na zabibu kavu, suugo (mchuzi) ya nyama, mwingine amepanga ndizi pembeni, wanasutana nani ameunguza, wanabishana xawaash, ule mchanganyiko wetu wa viungo, uwekwe lini. Bwana yangu yuko pale kati, ndiye anawafundisha! Nikamwambia aabo wa watoto, mtu akijua kupika Nebraska hawezi kusahau akivuka mpaka wa Minnesota. Alicheka mpaka akakosa la kusema, na tangu hapo jikoni akirudi Ijumaa ni yake, na kijana wetu anasimama naye hapo kukata vitunguu kwa sababu akimwona baba yake anakata hiyo inakuwa kazi ya wanaume tayari. Mimi kumhubiria ilikuwa imeshindikana.

Mama mkwe alikuja kiangazi. Mama mzuri, mkali, simtaji vibaya. Alimkuta mwanawe sebuleni na kapu la nguo anakunja, nikajua leo ndiyo leo, nitasemwa mimi. Hakuniambia kitu. Alienda akamnyang'anya kapu, akageuka, akamwita binti yangu aliyekuwa kwenye vitabu, akampa. Yaani mimi hata hakunitazama, kazi ilipita moja kwa moja kutoka kwa baba mpaka kwa mtoto wa kike, kama kwamba inajua njia. Bwana yangu akaona alichoona. Akainuka akachukua kapu, "Hooyo, huyu ana mtihani," akakaa chini akaendelea na soksi. Bibi alinuna mpaka Isha, halafu akaanza kukosoa namna anavyokunja mashati, na sasa hivi akipiga simu kutoka Garissa anauliza kama bado anakunja vibaya.

Sasa tulipo: yeye na kijana wana jikoni ya Ijumaa na Jumamosi akiwa yuko, ununuzi wa nyama halali, kupeleka watoto dugsi (madrasa), nguo. Kijana ana canjeero za Jumapili, za kwanza zilikuwa kama raba ya gari lakini tulizila. Binti ana vitabu vyake na zamu moja ya vyombo kama kaka yake, na akiambiwa lete chai anajibu birika liko pale. Choo ndicho bado hatujaelewana. Bwana anasema choo ni mpaka wa heshima ya mwanaume, mimi nimemwambia yeye ndiye anayekitumia nusu saa na simu.