Arthur na baba yake mdogo

Tangu Jumapili nasoma habari za Arthur wa Bretagne, eneo la magharibi mwa Ufaransa ya leo, na leo nimechukua karatasi nikachora ukoo wake ili nielewe vizuri. Baba yake, Geoffrey, alifariki mwaka 1186. Arthur alizaliwa Nantes Machi 1187, akiwa tayari yatima. Nilipofika kwa John, mfalme wa Uingereza aliyemfunga, mkono ulisita. Nilikosoma anaitwa mpinzani wake. Kwa lugha yangu, ni baba yake mdogo.

Mfalme Richard wa Uingereza, baba yake mkubwa, hakuwa na mtoto wa ndoa. Mwaka 1190, akiwa Messina njiani kwenda vitani, alimtaja Arthur kuwa mrithi wake. Mtoto wa miaka mitatu! Richard alipofariki Aprili 1199, likazuka swali linalovunja nyumba nyingi hadi leo: arithi mtoto wa kaka aliyekwisha kufa, au mdogo mtu aliye hai? Uingereza na Normandy zikamkubali John. Wakuu wa Anjou, Maine na Touraine, majimbo yaliyo Ufaransa ya leo, wakamtaka Arthur, naye ana miaka 12 tu.

Philip, mfalme wa Ufaransa, alimlea kwa hesabu zake. Mei 1200 alipatana na John, kijana akawekwa kando. Ugomvi uliporudi mwaka 1202, akamwahidi Arthur kumwoza binti yake Marie, akampa askari, akamtuma vitani. Hilo simsamehe.

Lakini kinachoniuma hasa ni yaliyotokea Mirebeau, mji wa Ufaransa. Kiangazi hicho Arthur, miaka 15, aliizingira ngome aliyojifungia Eleanor, bibi yake mzaa baba, ajuza wa karibu miaka 80 aliyesimama upande wa mwanawe John. Constance, mama yake Arthur, alikuwa amefariki hata mwaka haujaisha. Nani alibaki wa kumshika mkono na kumwambia: mwanangu, humo ndani yumo bibi yako? John alifika mbio kutoka Le Mans, na tarehe 1 Agosti akamkamata Arthur.

Alifungwa Falaise, kisha Rouen. Baada ya Aprili 1203 hakuonekana tena. Wengi waliamini kwamba John ndiye aliyemuua au aliyeagiza auawe. Kaburi lake halijulikani.

Arthur alikuwa na dada, naye akiitwa Eleanor, jina la bibi. Hakumshikia mtu upanga, lakini John alimweka kizuizini, na humo alibaki mpaka alipofariki mwaka 1241. Kwenye karatasi yangu nilikuwa nimemruka. Nimemwandika sasa hivi, pembeni ya kaka yake.